Salamu Zilizokatwa

Mtu akiondoa programu kwenye kompyuta hudhani ameiondoa kweli, na hapo ndipo mafundi wa Bariadi wanapopatia ugali wao. Programu huhama kama wanavyohama wapangaji wengi: kitanda kimetoka, ufunguo umerudishwa, lakini misumari bado imo ukutani, chandarua kilichotoboka kinaning'inia, na kwenye kona kuna mfuko ambao hakuna anayetaka kuufungua. Georgina alikuwa fundi wa mifuko hiyo. Fremu yake ilikuwa barabara ya kwenda Somanda, kati ya duka la pembejeo na kinyozi, na kwa miaka saba hakuwahi kutupa mfuko bila kuufungua. Mwaka wake wa kwanza alifuta folda moja bila kuitazama, kumbe zilikuwa picha za harusi za mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hadi leo akimwona sokoni huvuka barabara.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Malori ya pamba yalikuwa yakipita tangu alfajiri na kuacha nyuzi nyeupe kwenye nyaya za umeme. Mteja wa kwanza alikuwa mtu asiyemfahamu, mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, viatu havina vumbi katika mji ambao kila kiatu kina vumbi. Alikuwa amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa salfeti, na kabla hajaitoa alisalimia kwa Kisukuma, taratibu, akimwita mayu, yaani mama, kama wanavyosalimia watu waliolelewa vizuri.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Ng'wa nani?"

Msukuma akiulizwa hivyo hasiti. Anaulizwa yeye ni wa nani, ametoka kwa babu yupi, na jibu hutoka lenyewe kama chafya.

"Ng'wa Lugembe," Georgina alisema.

Kwa kawaida angetaja upande wa baba, lakini baba yake hakuwahi kutoa ng'ombe hata mmoja wa mahari, kwa hiyo mtoto alibaki kwa akina mama na salamu ya mama ndiyo ikawa yake. Akina Lugembe si wengi. Ukitoa wachache waliotawanyika mijini, wote wako Meatu, upande wa Bukundi. Mgeni alitikisa kichwa polepole, akasema amefurahi sana kufahamiana, akaiweka kompyuta mezani.

Alijitambulisha kwa jina la Athanasi, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kompyuta aliinunua kwenye mnada, mradi mmoja ulipofunga ofisi na kuuza hadi mapazia. Shida yake ilikuwa ndogo na ya kukera. Kila akiwasha, skrini ilimletea ujumbe uleule kwamba Nong'ona haipatikani, awasiliane na ofisi ya mradi. Hiyo Nong'ona alishaiondoa zamani. Sasa alitaka na mabaki yake yaondoke.

"Ila usikimbilie kufuta," alisema. "Pitia kwanza kila kilichomo. Kama kuna cha kusikiliza, sikiliza. Mimi si mtu wa haraka."

Akaahidi kurudi saa tisa alasiri, akatoka akikwepa madimbwi ya maji ya kinyozi. Georgina alibaki anatabasamu peke yake. Miaka saba ya ufundi, hajawahi kupata mteja wa kumwambia asiharakishe. Aliona amepata mstaarabu.

Jina la Nong'ona hata hivyo lilimkaa kichwani. Nani asiyelikumbuka? Miaka minne nyuma, wezi wa ng'ombe walivamia boma moja upande wa Bukundi, wakaondoka na kundi zima na kumwacha mchungaji aitwaye Salu amelala kwenye zizi tupu, shingo imekatwa. Watu walijua mengi na walisema machache. Ndipo lilipokuja shirika la wageni na magari meupe, mahema na programu yao, Nong'ona. Mwenye la kusema aliingia hemani peke yake, akazungumza, akapewa namba badala ya jina. Sauti ilipotoshwa kabla ya kupelekwa kwa wapelelezi, isitambulike.

Tatizo moja tu liliwatoa jasho wale wageni, nalo lilikuwa salamu. Waliwaambia watu wasisalimie, waanze moja kwa moja. Wapi! Hakuna mtu mzima wa Kisukuma atakayeingia mahali na kuanza kutaja wauaji kabla ya kusema mwadila, salamu ya mchana, na kuulizwa ni wa nani. Kama mwandishi wa hemani hakuuliza, walikaa wakimsubiri aulize. Basi wataalamu wakaamua programu iwe inakata mwanzo wa kila mazungumzo. Salamu inakatwa, ukoo unakatwa, unabaki ushahidi mtupu usio na mwenyewe. Watu walilipenda sana wazo hilo.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa shahidi namba sitini na moja. Huyo aliwaona wanaume watatu alfajiri kisimani wakiosha damu, akataja hata kovu la mmoja wao na jina waliloitana. Maneno yake yalichapwa kwenye karatasi, karatasi zikazunguka mikononi mwa mawakili na ndugu wa washtakiwa, na wale watatu wakakaa mahabusu miaka miwili. Halafu kesi ikafa, maana namba haiwezi kupanda kizimbani ikahojiwa. Walitoka Januari. Mwezi wa tatu nyumba ya Paschal, mkulima wa dengu wa kijiji cha jirani na Bukundi, iliteketea mchana kweupe naye akiwa ndani, mlango umefungwa kwa nje kwa waya. Watu walisema kuna waliodhani yeye ndiye sitini na moja. Kisha watu wakaacha kabisa kusema.

Georgina aliiwasha kompyuta. Ujumbe ulijitokeza kama alivyoambiwa. Alianza na kazi rahisi, akaikuta amri iliyokuwa ikiiita Nong'ona kila kompyuta inapoamka, akaizima. Akaingia kwenye rejista ya mfumo na kung'oa majina ya Nong'ona moja baada ya jingine. Kisha akafungua mahali ambapo mafaili hujificha, pale ambapo mwenye kompyuta haoni mpaka aambiwe namna ya kuona, na huko akakuta folda imeandikwa "vipande". Ndani yake mlikuwa na mafaili ya sauti mia moja arobaini na tatu. Yalikuwa na namba tu. Lililokuwa refu kuliko yote lilifika sekunde kumi na mbili.

Mfuko wa kwenye kona huo, akajisemea. Alilibofya la kwanza na kuacha yajifuate yenyewe, yeye akashika bisibisi na printa ya kanisa iliyokuwa ikimsubiri tangu Jumatatu.

Sauti ya mzee ikasema mwangaluka. Ikajibiwa. Mhola? Mhola duhu. Ng'wa nani? Mzee akataja ukoo wake, na faili likakatika. Likaja la pili, mwanamke. La tatu, mwanamume mwenye kikohozi. Fremu ikajaa watu wanaosalimia, mmoja anaingia mwingine anatoka, na Georgina mara mbili alijikuta anawaitikia chini chini huku anafungua skrubu. Kwenye la nne mkono ulisimama.

Alielewa alichokuwa anakisikiliza. Nong'ona ilikata salamu kama ilivyoahidi, lakini haikuzitupa. Ilizirundika humu, kila moja na namba ya mwenyewe, na programu ilipoondolewa ikaondoka na ushahidi wake ikaziacha salamu peke yake, sauti zenyewe, bila kupotoshwa. Katika kazi nzima ya ule mradi, kilichokuwa kimebaki duniani ni kile kitu kimoja walichoapa kukificha.

Hapo angeacha. Fundi mwenye akili zake angefuta folda, angeosha mikono na kurudi kwenye printa ya kanisa. Lakini alichofanya ni kuvaa hedfoni, kwa sababu alitoka Bukundi, na mtu wa Bukundi hawezi kuwekewa mbele yake watu wa kwao mia na zaidi asitake kujua ni akina nani. Alisikia sauti ya mke wa katekista. Alisikia ya mwuza mkaa. Aliona aibu kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani, na aliendelea. Akafika hamsini, akafika sitini.

"Mwadila, mayu," alisema mwandishi wa hemani.

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Ng'wa nani?"

Mwanamke alicheka kidogo puani, kicheko kifupi cha mtu ambaye utotoni alitaniwa kwa jina la babu yake akalizoea. Kisha akasema, "Ng'wa Lugembe."

Georgina alilisimamisha. Alilirudia. Alilirudia tena, akitafuta kosa, akitafuta mwanamke mwingine yeyote chini ya jua anayecheka hivyo puani. Mara ya nne hakutafuta tena. Sauti hiyo aliijua kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Ilikuwa ya mama yake, Nyanjige, na faili lilikuwa namba sitini na moja.

Alifunga mlango wa fremu akapiga simu. Mama alipokea haraka, na nyuma yake ilisikika choroko ikipepetwa kwenye ungo. Georgina hakuzunguka. Alimwuliza kama aliwahi kuingia kwenye lile hema. Ungo uliwekwa chini.

"Nilikuuliza wewe kwanza," mama alisema. "Nilikuuliza ile mashine inakata jina kweli, ukaniambia inakata. Nikakuuliza kinachokatwa kinakwenda wapi. Ukasema kikikatwa kimekwenda, mayu, hakipo tena."

Alisema kweli, na Georgina aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Krismasi, wamekaa jikoni, mdomoni ana kiazi, na alijibu kwa maringo ya fundi aliyekuja kijijini na mkoba wa kompyuta. Hakuwa ameiona hiyo programu hata siku moja. Alijibu tu, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa familia na mjuzi hasemi sijui. Mama alisikiliza, akamaliza kumenya viazi vyake, na wiki ile ile akaenda kusema alichokiona kisimani.

Hakumweleza mama yote. Alimwomba aende kwa mama mdogo Milembe, Kiloleli, akakae huko kwa muda. Mama alisema mbuzi mmoja anakaribia kuzaa, ataondoka kesho na gari la asubuhi. Wakakubaliana hivyo.

Kisha alifanya kazi kama hajawahi kufanya maishani. Alifikiria kuipeleka kompyuta polisi, na akajiona amesimama kaunta anaeleza kwamba ana salamu mia moja arobaini na tatu na kwamba moja ni ya mama yake. Angeulizwa amejuaje, angejibu, na jibu lingeandikwa kwenye karatasi, na karatasi alizijua zinavyosafiri. Akaona dawa ni moja tu. Alifuta folda. Alilimwaga pipa la taka la kompyuta. Akawasha programu ya kusugua nafasi iliyoachwa na vitu vilivyofutwa, ile inayoandika upuuzi juu yake mara saba mpaka hata mwenye mashine za serikali asikute kitu. Ilimchukua hadi saa saba mchana. Alitafuta neno Nong'ona kompyuta nzima na halikuonekana popote. Alitafuta neno vipande na halikuonekana. Misumari yote ilikuwa imetoka ukutani na ukuta umepakwa chokaa.

Alipumua. Akaigeuza kompyuta abandike stika yake juu ya skrubu, kama wafanyavyo mafundi wote ili mwingine asije akaifungua na kusema imeharibiwa na wewe. Chini kulikuwa na stika tayari, mpya, na tarehe ya wiki tatu zilizopita. Ilikuwa ya Abdulrazak.

Abdulrazak alikuwa fundi wa Lagangabilili, mtu wa Tanga aliyemfuata mke wake mwalimu huku bara akaamua kubaki, mcheshi na mkarimu, na kwa Kisukuma hakujua zaidi ya kuagiza maziwa. Alipokea simu kwa furaha na maneno mengi. Ndiyo, anamkumbuka bwana Athanasi, mtu muungwana kweli kweli. Alikuja na shida hiyo hiyo ya ujumbe. Alimwonyesha ile folda, wakasikiliza pamoja kidogo, salamu tupu, akamnakilia zote kwenye flashi, maana yeye hafuti kitu cha mteja bila kumwekea nakala. Alitaka kuisafisha kabisa, lakini bwana Athanasi akamwambia aiache kama ilivyo.

"Nakala zote?" Georgina aliuliza.

"Zote, dada. Ana flashi mbili." Abdulrazak alicheka. "Tena nimekuletea mteja, na shukrani hunipi. Aliniuliza kama namjua fundi yeyote mwenyeji wa Bukundi, nikamwambia yupo, yupo Bariadi, anaitwa Georgina. Nikamwambia huyo hata akisikia mbuzi akilia atakwambia ni wa nani."

Alisema hivyo kwa upendo, na Georgina alimshukuru, akakata simu.

Akakaa kwenye stuli. Sasa mambo yalikuwa wazi. Yule mwanamume hakuja kusafisha kompyuta. Salamu alikuwa nazo wiki tatu. Alijua tayari kwamba sitini na moja si Paschal, kwamba ni mwanamke, kwamba ni wa Lugembe. Lakini wanawake wa Lugembe upande wa Bukundi wanafika mia, na sauti hana wa kumtambulia. Angeipeleka kijijini na kuuliza sauti hii ni ya nani, kijiji kizima kingejua kabla hajafika nyumba ya pili. Ndiyo maana alitafuta sikio moja tu, la mtu wa huko anayekaa mbali, na akampa siku nzima asikilize kwa nafasi.

Alimpigia mama tena, na safari hii alimwambia asingoje kesho. Mama aliisikia sauti ya mwanawe, hakubishana. Akasema pikipiki ziko mbali, lakini atamtuma mtoto wa jirani amwitie moja ya kumfikisha Mwanhuzi kwenye gari, anafunga vitu vyake, mbuzi atamwachia jirani huyo huyo.

Ilibaki kuutayarisha uso. Georgina alijitazama kwenye kioo cha kinyozi na akajipangia atakavyosema. Mzee, nimekuta takataka za kawaida, nimezitoa, sikufungua kitu. Hapana, atasema alifungua mbili tatu, ndivyo fundi wa kweli anavyofanya. Atasema ni watu wanasalimiana, akaona ni upuuzi akafuta. Akisema hivyo bila kutetemeka, bwana Athanasi ataenda kumtafuta mwingine, na mama atakuwa ameshafika Kiloleli anakula samaki wa Milembe. Alilirudia hilo mpaka likamkaa mdomoni kama sala.

Saa tisa kamili alitokea, na viatu bado havina vumbi.

Georgina alisema maneno yake, yote, kwa mpangilio, hata akaweka kautani kidogo juu ya miradi ya wageni inayoacha takataka kila inapopita. Sauti haikutetemeka. Alijisifu moyoni. Kilichomshangaza ni kwamba mgeni hakuwa akimtazama usoni hata kidogo. Alikuwa ameivuta kompyuta upande wake, ameiwasha, ameona ujumbe hautokei, akasema vizuri sana. Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja, bila kutafutatafuta, kwenye programu ya kuchezea sauti.

Ilikuwa programu ya kawaida iliyomo kwenye kila kompyuta ya mjini. Haikuwa Nong'ona wala mali ya Nong'ona, na kwa hiyo katika kusugua kwake kote Georgina hakuigusa. Mwanamume akafungua orodha ya vilivyochezwa karibuni. Mafaili yenyewe hayakuwepo tena, lakini namba zake zilikuwa zimejipanga, moja chini, mbili juu yake, tatu, nne, zinapanda bila kuruka hata moja. Juu kabisa ilikaa sitini na moja, na pembeni yake imeandikwa mara nne.

Alizitazama kwa utulivu, akishusha na kupandisha orodha.

"Zilikuwa mia moja arobaini na tatu," alisema. "Wewe ukaishia hapa."

Georgina alitafuta la kusema. Yapo mengi ambayo angeweza kusema: umeme ulikatika, mteja aliingia, nilichoka. Yalimjia yote baadaye. Wakati ule alisimama tu, mkono juu ya printa ya kanisa, na kunyamaza kwake kukawa jibu la kutosha.

Mgeni alifunga kompyuta, akaitia kwenye mfuko wa salfeti, akakunja mdomo wa mfuko vizuri. Alimshukuru kwa kazi safi. Mlangoni aligeuka akasema amsalimie mayu wake, akatoka. Hakuenda mbali. Alivuka barabara, akasimama kwenye kivuli cha lori la pamba, akapiga simu fupi sana, ya mtu anayewaambia watu jambo moja walilokuwa wakilisubiri.

Georgina alipiga namba ya mama. Iliita, ikaita, ikakatika. Alipiga tena. Kwa haraka akabonyeza jina lisilo lake, akakata, akapiga tena. Safari hii mama alipokea, anahema kwa kubeba vitu.

"Mayu, uko wapi?"

"Niko mlangoni, ng'wanone, nimeshafunga kila kitu. Ngoja, pikipiki hiyo imefika." Mama alisogea kutazama. "Mbona wako wawili."

"Mayu, ingia ndani. Ingia ufunge mlango. Mayu!"

Lakini mama alikuwa ameshaiweka simu chini, juu ya gunia la choroko bila shaka, kama alivyofanya siku zote mgeni anapoingia, maana aliona ni utovu wa adabu kumpokea mtu huku umeshika simu sikioni. Georgina alisikia injini ikizimwa. Alisikia miguu ya watu ikikanyaga uwanja. Alipiga kelele, mpaka kinyozi akatoka na mashine yake mkononi, na kelele zake zilifika Bukundi zikiwa ndogo kama za mdudu, ndani ya gunia.

"Mwadila, mayu," sauti ya mwanamume ilisema, taratibu, kwa adabu.

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Ng'wa nani?"

Georgina alimwambia asijibu. Alimwambia kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kisukuma, akamwita kwa jina lake kama mtu amwitavyo mtoto anayekimbilia barabarani. Na mama, aliyelelewa vizuri, alicheka kidogo puani, akajibu.